Sheria Inaishia Kwenye Kibao

Jumatatu nilikuwa kwa kinyozi, barabara ya kwenda Sikonge, hatua chache kabla ya kibao cha mpaka wa mji wa Tabora. Likaja lori la mkulima wa tumbaku wa Ipole, likasimama mbele ya wapagazi waliokaa wakingoja kazi. Kila msimu wa kuvuna huliparamia kabla injini haijazimwa. Safari hii hakuna aliyeinuka.

"Pandeni jamani! Majani yatanikaukia shambani!"

"Kwa mshahara upi, bwana?" akauliza mtu mzima mmoja, amekalia ngata yake ya kubebea mizigo.

"Ule ule wa mwaka jana."

"Mjini serikali imetuwekea kima cha chini cha mshahara, nacho kinaupita huo."

Mkulima akacheka, akanyoosha fimbo. "Sheria yenu inaishia pale kwenye kibao. Ipole haifiki!"

Nilichemka, nikafungua mdomo. Mpagazi yule akaniwahi, taratibu kabisa: "Basi na miguu yetu inaishia hapo hapo, bwana."

Mkulima akakitazama kibao, akalitazama jua, akavua kofia. "Haya, mshahara wa mjini."

"Na kibuyu cha asali, kama zamani?"

"Na asali, mnyang'anyi mkubwa wewe!"

Wakapanda wakicheka, naye akicheka. Ni kweli sheria haifiki Ipole. Lakini mimi niliiona ikienda huko, imepanda lori.