Mche wa Mparachichi

Nikipasua parachichi, harufu mbichi ya kokwa lake hunirudisha kwenye bustani ya shule yetu, kule Mbozi kwenye mashamba ya kahawa. Mwalimu alitugawia miche, kila mtoto na wake. Wenzangu wakapata misindano ya mbao, mimi nikapewa mparachichi.

"Haya, kwaheri ya kuonana!" rafiki yangu akanicheka. "Anayepanda mparachichi hufa siku unapozaa."

Hata nyumbani tuliamini hivyo. Nikiukataa mche, fimbo, nikiupanda, kaburi. Nikaangua kilio hadi bibi yangu, aliyekuwa akipalilia mahindi jirani na shule, akaja mbio.

"Shikamoo, Bibi," mwalimu akaanza.

"Marahaba. Lete huo mche, Mwalimu. Mimi mzee, ukizaa nitakuwa nimeshatangulia."

Akaufukia kwa mikono yake, akajipangusa udongo kwenye kanga. Nikashusha pumzi kama ng'ombe.

Kisha mwalimu akanikabidhi kopo la maji. "Mwagilia kila asubuhi, ukue upesi."

Nikamtazama bibi. Kopo likawa zito kuliko gunia la kahawa, na sikuthubutu kumwaga hata tone.