Kompyuta ya Papa Ramazani

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mtu wa kuwacheka wanaoogopa wachawi, na kanisani naenda zaidi kwa ajili ya kwaya. Basi nikikwambia jambo hili lilinitokea, lilinitokea kweli, asubuhi kweupe, hapa Kisangani, katika chumba changu cha kuchapia kazi za watu karibu na soko. Sikuwa na usingizi wala homa.

Kompyuta yenyewe niliinunua kwa kijana mmoja ambaye tonton yake, yaani mjomba wake, karani mstaafu, alikuwa amefariki. Kwetu sisi watu wa Maniema, Wakristo kwa Waislamu, vitu vya marehemu havitoki nyumbani kabla ya arobaini. Siku hiyo watoto wake huketi mkeka mmoja, na ndipo wazee huvigawa. Mama yangu aliniuliza, "Arobaini imepita?" Nikamjibu kwamba kompyuta haina matanga. Ile yangu ya zamani ilikuwa imekufa, na wanafunzi walikuwa mlangoni na kazi zao za mwisho wa masomo. Haraka haina baraka, na mimi nilikuwa na haraka.

Wiki hiyohiyo vikaanza vituko. Ninachapa ukurasa wa tatu, kioo kinageuka buluu, mashine inajizima, inawaka tena yenyewe, na kurasa zimepotea. Mara nne, mara tano kwa siku. Msichana mmoja wa chuo aliketi akalia kwenye benchi langu, na nilishindwa hata kumtazama.

Nikamwita Dédé, fundi wetu, ambaye simu yake mwenyewe imefungwa kwa mpira, mganga hajigangi. Alianza na virusi, hakuna. Akapuliza vumbi, akaweka programu upya, bado. Akasema, "Bon, ni memwari." Akanionyesha vile vibao viwili vyembamba, bareti, vinavyochomekwa ndani ya mashine ili ikumbuke inachofanya. Akavisugua meno kwa raba ya shule. Akajaribu kimoja peke yake, kisha kingine, akabadilisha na matundu. Akaendesha kipimo mchana kutwa, kosa hata moja halikuonekana. Dédé alipoondoka tu, ikazima, nikampigia tena.

Sasa sikiliza vizuri. Kesho yake nilifungua mapema. Kabla sijafagia, aliingia mzee mmoja mwembamba, shati la mikono mirefu limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, kalamu mfukoni.

"Mama, niandikie barua moja."

"Papa, machine hii iko mugonjwa. Itakukatia barua katikati."

"Haitakata. Washa tu."

Nikawasha. Iliwaka haraka kuliko siku zote. Mzee hakutaka kiti. Alisimama, akaweka kiganja juu ya mashine kama mtu anayetuliza mbuzi sokoni, akaanza kunitamkia barua kwa mtindo wa makarani wa zamani, koma, nukta na mistari mipya vyote akivitaja, nusu kwa Kifaransa.

"Feza mutoto wangu, koma. Ulipoolewa Bafwasende bila neno yangu, koma, nilikufungia mulango. Point. À la ligne. Nilikuwa na hasira, koma, sikuwa na haki. Point. Leo nakupa radhi yote ya baba. Point. Mutu yeyote asikutoshe, asikufukuze, kwa mukeka ya ndugu zako. Point final."

Nilichapa yote, na mashine haikukohoa. Nikataka kuweka tarehe, akanizuia mkono.

"Tarehe hapana."

Karani mzima kukataa tarehe, umewahi kuona? Lakini wateja wana mambo yao. Nikamchapishia karatasi, akaisoma, akanionyesha koma moja ya kusahihisha, nikachapisha tena. Akatia sahihi kwa kalamu yake, jina lenye mkia mrefu uliojikunja chini mara mbili.

"Chunga barua hii. Feza atapita kuichukua."

Nikainama kuweka barua kwenye droo. Nilipoinuka, alikuwa ameshatoka. Nikazima mashine, nikachukua ufagio, nikaendelea na kazi zangu.

Saa sita Dédé akaingia, akaweka kitu mezani. Zile bareti mbili.

"Nilizijaribu kwangu usiku muzima. Ziko nzima."

"Ulizitosha ndani ya machine saa ngapi?"

"Jana magharibi. Ulikuwa umeenda kununua pondu ya kupika, jirani akanifungulia."

Nikamwambia haiwezekani, asubuhi nimechapa barua. Dédé akacheka, akafungua kifuniko. Matundu yote mawili yalikuwa wazi. Akabonyeza kitufe mbele yangu, mashine ikalia tiit, tiit, tiit, kioo cheusi.

"Bila memwari haiandike hata herufi moja," alisema. "Weye ulichapa na nini?"

Nilifungua droo nikampa ile karatasi. Aliishika kwa vidole viwili, akairudisha, akaanza kukusanya bisibisi zake. Niliogopa, na sioni haya kukiri. Nilifunga chumba mchana huohuo, nikaenda nyumbani.

Siku ya pili akaja mwanamke mwenye mimba kubwa, ameshuka kwenye pikipiki, vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi.

"Dada, machine ya papa yangu, ile ndugu yangu alikuuzia, iko hapa? Papa Ramazani, alikuwa karani. Arobaini yake ni kesho. Batonton wanasema alikufa bila kunipa radhi, sitakaa kwa mukeka na ndugu zangu. Nataka kuona kama aliniandikia kitu."

"Unaitwa nani?"

"Feza."

Nilimpa barua. Hakuisoma kwanza, aliweka kidole kwenye ule mkia wa sahihi, akaufuata mpaka mwisho, kisha akakaa chini sakafuni. Nililia naye.

"Ulipata hii wapi?"

"Ndani ya machine," nilisema. Si uongo, sivyo?

Nilimsindikiza kwenye arobaini. Mkubwa wa wale wajomba na baba wadogo aliisoma barua mara mbili, akailinganisha na karatasi za zamani za marehemu. Sahihi ni yake, alisema. Kisha akanitazama mimi. "Lakini Ramazani hangeweza kusahau tarehe."

Nikamtafuta Feza kwa macho. Feza alikuwa amesimama pembeni ya mkeka, ameshika tumbo.

"Labda aliona haya," mzee akasema polepole, "watu wasijue amechelewa kiasi gani." Akasogea, akampisha Feza mkekani.

Mashine waliniachia, safari hii kwa baraka zao. Dédé alirudisha zilezile bareti mbili, na tangu siku hiyo haijazima hata mara moja. Dédé mwenyewe hataki kuigusa tena. Mimi kila asubuhi nasema "bonjour, papa" kabla ya kuwasha, na wanafunzi wanadhani nimechanganyikiwa.

Kompyuta yako ikizimazima, pima bareti moja moja kama Dédé. Ukinunua ya marehemu, uliza kwanza kama arobaini ya mwenyewe imepita. Na kama kuna mtoto uliyemfungia mlango, mwambie neno lake sasa hivi. Papa Ramazani alibahatika kunikuta nimefungua mapema. Wewe huenda usinikute.