Madirisha ya Upande wa Ziwa

Mwezi wa kumi, saa nane ya mchana, ukuta wa chumba tulichokuwa tumepanga pale Nchelenge ulikuwa hauguswi. Malata ya bati juu, hakuna plafon ya kuyafunika kwa chini, dirisha moja. Mutoto wangu wa kike alikuwa na miezi saba na shingo yake yote imejaa vipele vya joto. Mchana alikuwa halali. Alikuwa analia mpaka sauti inakauka, kisha ananyamaza na kuniangalia tu, na ule ukimya ndio ulioniogopesha zaidi. Kule kliniki nesi alimupima akasema uzito umeshuka tena.

"Mutoe mule ndani, mama," akaniambia. "Dawa ya nyumba miye sina."

Nyumba tulikuwa tunajenga. Mume wangu ananunua samaki Kilwa, kile kisiwa cha hapa ziwani. Anakaa nyumbani siku mbili, anapanda boti, amepotea. Kazi ya kusimamia ujenzi ilikuwa yangu. Fundi alikuwa yomba, ndugu ya mama yangu, aliyejenga nyumba nyingi Pweto, kule Kongo, kabla hatujavuka kuja huku. Ni fundi wa kweli, ukuta wake hauna kovu. Lakini ni yomba, na kwetu yomba hajibiwi. Akisema simenti inatosha, inatosha.

Ofisi ya wilaya ilitupa plani, muchoro wa nyumba, na karatasi ya masharti, vyote kwa Kiingereza. Mimi nilimaliza sekondari huku Zambia, kwa hiyo niliketi na yomba kwenye rundo la matofali nikamusomea. Nyumba ikae namna plani inavyoonyesha. Vyumba vya kulala vipitishe hewa. Chini ya malata yawe matundu ya hewa, na plafon iwepo. Musingi ukishachimbwa, musimame, mumwite mukaguzi aje kuangalia kabla ya simenti. Bila muhuri wake hakuna kuingia ndani, hakuna umeme.

Yomba alisikiliza vizuri. Kisha akaweka kidole kwenye kona ya plani, kwenye mushale wenye herufi N.

"Na hii?"

Mutoto alikuwa analia mugongoni. Nikasema, "Ni mushale tu, yomba. Unaonyesha upande."

Nilisema hivyo. Sikueleza zaidi, nilikuwa nataka kwenda kumunyonyesha.

Yomba na vijana wake wakachimba siku ya posho, ile Jumamosi ambayo ofisi imefungwa, na Jumatatu asubuhi simenti ilikuwa imeshamwagwa, mukaguzi hajaitwa. Kuta zikapanda, malata yakapigwa. Mimi nikabeba mutoto nimuonyeshe chumba chake, kile cha kona. Ilikuwa saa tisa. Jua lilikuwa upande wa ziwa, linapiga maji na kurudi, linaingia dirishani lote mpaka ukuta wa pili. Mutoto akafunga macho akaanza kulia. Kile chumba kipya kilikuwa kibaya kuliko kile tulichokuwa tunakimbia.

Mukaguzi alifika wiki ile ile na pikipiki, kijana wa huku huku, anazungumza Kibemba na kutupia Kiswahili cha sokoni. Akaweka simu yake yenye dira kwenye ukingo wa dirisha. Akaangalia plani. Akageuza plani. Mwisho akajigeuza yeye mwenyewe.

"Mayo, mama," akaniuliza, "nani amezungusha nyumba?"

"Hakuna mutu amezungusha kitu," yomba akajibu. "N iko kule." Akanyoosha mukono kuelekea barabara, ambayo kwetu iko magharibi, na nyuma yake ziwa.

"Kule ni kaskazini?"

"Kaskazini ya nini? Kule ni njia. N ya njia."

Mukaguzi alikohoa ili asicheke. Mimi sikuwa na nafasi ya kucheka. "Yomba," nikasema, "ni kaskazini. North. Hata Kifaransa ni nord, hata huko ni N."

"Nord itanisaidia nini miye? Mutu anaingia nyumbani na nord? Anaingia na njia. Miye najenga depuis, toka wewe haujazaliwa, nyumba zote zinaangalia njia."

Mukaguzi akamueleza bila kumudharau, hilo nalisema. Kuta ndefu zenye madirisha zilitakiwa kuangalia kaskazini na kusini, ambako jua linapita juu na ukingo wa malata unalizuia. Kuta fupi zisizo na dirisha ndizo zilitakiwa kupokea jua la asubuhi na la jioni, kwa sababu lile linakuja chini chini na hakuna ukingo unaolifikia. Sisi tulikuwa tumeweka madirisha ya vyumba vya kulala magharibi kabisa.

"Mungeniita kwenye musingi," akasema, "tungegeuza kamba za kupimia tu, nusu saa. Sasa muhuri siweki. Chumba cha kona, muzibe dirisha la ziwa, mutoboe lingine kwenye ukuta mufupi wa kaskazini. Kile kingine, muongeze baraza lenye malata marefu. Matundu juu pande zote mbili, na wavu wa mbu. Na plafon."

Alipoondoka yomba akavua kofia.

"Nizibe dirisha? Watu wapite njiani waone nyumba imewapa makalio, waseme fundi alikuwa amelewa?"

Hapo nilimujibu. "Watu wa njiani hawatalala mule ndani, yomba. Atalala huyu. Muangalie shingo."

Hakumuangalia. Aliniangalia mimi. "Nilikuuliza," akasema polepole. "Niliweka kidole, nikakuuliza. Wewe mwenye sekondari ukasema ni mushale tu."

Nilikasirika sana, kwa sababu alisema kweli.

Siku tatu hakuja. Mutoto, pamoja na vipele, akaanza kuharisha, na mimi nilikuwa nazunguka kati ya chumba cha kupanga na kile kipya, nanyunyiza maji sakafuni, napeperusha na kifuniko cha ndoo, siketi. Siku ya nne nikachora mraba kwa mukaa kwenye ukuta wa kaskazini, nikamufunga mutoto mugongoni, nikachukua nyundo na patasi nikaanza. Nilikuwa nimetoa matofali mawili yomba alipotokea. Jirani alikuwa amemupelekea habari.

"Unaanza katikati, bila linto ya kubeba matofali ya juu. Ukuta utakuangukia wewe na huyo mutoto. Toka hapo."

Nikatoka. Alifanya kazi siku tano. Alipitisha linto ya zege, akafungua dirisha la kaskazini, akaziba la ziwa kwa matofali yaliyotoka pale pale. Alitoboa matundu chini ya malata, pande mbili, yanayotazamana, akayawekea wavu wa mbu, na chumba cha pili akakiongezea baraza lenye malata marefu. Mbao za plafon hatukuwa nazo. Bila kuuliza mutu, alikwenda kwa wanawake wanaosuka mikeka ya matete, akarudi nayo, akaibana tabaka mbili chini ya malata na kuacha nafasi hewa ipite. Mukaguzi aliporudi aliingiza mukono kwenye ile nafasi, akasema yeye hajaona hivyo kwenye karatasi yoyote. Akagonga muhuri.

Mchana ule ule nililaza mutoto sakafuni kwenye chumba cha kona. Alilia kidogo, akageuka, akalala. Mimi sikuketi. Nilizunguka nikigusa kuta. Ule wa ziwa ulikuwa moto bado, lakini kwa ndani ulivumilika. Ule wa kaskazini ulikuwa baridi. Niliinama kusikiliza pumzi yake, nikasimama, nikainama tena.

Nje yomba alikuwa anakusanya vyombo vyake kwenye baiskeli.

"Iko namna gani mule ndani?" akauliza, uso kwenye kamba anayofunga.

"Amelala."

"Depuis saa ngapi?"

"Saa nane."

Akaangalia jua, akahesabu kichwani. "Basi acha kutembea tembea," akasema. "Utamuamusha."

Akasukuma baiskeli mpaka barabarani. Mimi nikarudi ndani kuangalia tena.