Kengele za Mbuzi wa Mama

Ukiniletea ganda la risasi la chuma lililopakwa rangi ya shaba, ukaniapia kwamba ni shaba tupu, siku yetu imeharibika. Juu ya meza ya kibanda changu hapa Lodwar nimeweka sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu, na wachuuzi wote wa vyuma chakavu wanaijua. Ganda likirukia sumaku, mchuuzi mwenye haya hulichukua kimyakimya akaenda zake. Wapo wengine ambao hubaki hapo wakibishana na sumaku.

Natengeneza hereni na bangili kwa maganda matupu ya risasi. Shida ya hereni ni kwamba huvaliwa mbili. Ganda moja likiwa zito kuliko mwenzake, aliyevaa ataonekana kama anategea sikio mambo ya jirani. Kwa hiyo nachagua maganda kama mtu anayemchunguza mkwe. Kwanza natazama kitako, pale palipogongwa alama ya kiwanda, kwa sababu shaba ya kiwanda hiki si shaba ya kile. Nalibingirisha juu ya kipande cha kioo nione kama limepinda. Napitisha ukucha mdomoni, maana ufa huanzia hapo. Mwisho naazima mizani ya jirani anayenunua dhahabu, ile mizani ndogo inayotumia njiti za kiberiti badala ya mawe, na ganda likimzidi mwenzake kwa njiti moja, naliachisha ndoa. Jirani husema nina wazimu. Yeye hushinda akipima vumbi, lakini mwenye wazimu ni mimi.

Mama yangu anakaa nje ya Kakuma, ng'ambo ya laga, ule mto wa mchanga mkavu unaojaa mvua ikinyesha milimani, na macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Mbuzi wake alikuwa anawachunga kwa masikio. Dume lililohasiwa ndilo lililokuwa linaongoza, shingoni limefungwa kengele kuukuu aliyoiacha marehemu baba, na penye kengele ndipo palipokuwa na mbuzi. Halafu siku moja laga ilishuka ghafla kutoka milimani, kwa mvua tusiyoiona, ikamsomba dume pamoja na kengele yake.

Tangu hapo mambo yakaenda mrama. Mbuzi walitawanyika, na mama akaanza kurudi nyumbani na mbuzi wa watu. Jioni moja alileta zizini mbuzi jike wa jirani, na jirani alipomfuata, mama akamwambia ajifunze kutofautisha mali yake na ya wenzake. Jirani akaenda zake. Alimpigia simu kaka yangu.

Kaka ana kazi ya ofisini Lodwar na nyumba ya mawe yenye chumba cha wageni. Alikuja kibandani kwangu na uso wa mkutano. "Mbuzi wauzwe, mama aje kwangu," akasema. "Ijumaa ya mwisho wa mwezi naenda na pikapu."

Mimi nilikuwa nakumbuka mama alivyokaa kwa kaka mara ya kwanza, alipokuja kutibiwa macho. Aliita paa la mabati sufuria. Aliwalaumu watu wa televisheni kwamba wanaingia nyumbani, wanazungumza usiku kucha, na hakuna hata mmoja anayemsalimu ejok. Hilo tulilicheka. Lakini asubuhi nilimkuta ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, uso umeelekea ukutani, na nilipomuuliza anasikiliza nini alisema, "Hakuna." Lile neno liliniuma na linaniuma mpaka leo. Nikamwambia kaka anipe muda mpaka hiyo Ijumaa, nitamtengenezea mama kengele. Akacheka. Alipocheka ndipo nilipoamua kwamba sitatengeneza moja, nitatengeneza za mbuzi wote watoro, watano, na zitakuwa kengele ambazo Turkana nzima haijawahi kuzisikia.

Kwa kengele unataka ganda refu, la bunduki ndefu za zamani. Haya mafupi ya siku hizi mengi ni chuma, yanalia kama kijiko kwenye bilauri ya plastiki. Ganda refu la shaba safi, ukilitundika na wenzake wawili wakawa wanagongana, linalia mpaka mtu anageuka. Lodwar sikupata. Nikapanda gari kwenda Kakuma, kambini kwa wakimbizi, kwa fundi mmoja kutoka Sudan Kusini anayetengeneza misalaba ya shisha—hapana, ya shaba, lakini karakana yake ina moshi mwingi kiasi kwamba unaweza kuchanganya. Ni shemasi wa kanisa lao, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayechagua maganda kwa ukali kunishinda.

Maganda marefu alikuwa nayo, mazuri, ya kiwanda kimoja, yamepangwa kwenye kopo kama mayai. Akakataa kuyauza.

"Ukhti, hii nahas kwes sana," akasema kwa Kiarabu chao, yaani dada, shaba hii ni nzuri sana, "lakini ni ya msalaba kubwa. Ya kubeba mbele siku ya sikukuu. Hii siwezi uza."

Nikamweleza habari za mama, dume na laga. Nilikuwa nimejiandaa kubembeleza, lakini nilipotaja kengele aliweka nyundo chini. Akachukua ganda moja, akaligonga kwa ukucha, akaliweka sikioni.

"Mama yangu alibaki nyumbani, huko," akasema. "Ng'ombe zetu alikuwa anajua kwa sauti. Zote." Akanisogezea kopo. "Chukua. Msalaba itakuwa mfupi. Mfupi pia inaokoa."

Nilijaribu kumlipa, akachukua nusu. Kisha akanisukumia na mfuko wa mabovu yake: yaliyopasuka, yaliyobonyea, yaliyoota ukijani, ya viwanda ambavyo hata alama zake hazisomeki. "Hii ma kwes. Enda uyeyushe."

Nikarudi Lodwar kuyafanyia kazi. Kwenye kizuizi cha barabarani afande akafungua mfuko wangu, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, hii ni nini?"

"Afande, hizo ni hereni."

"Hereni? Hii ni risasi."

"Ni maganda. Bado hayajawa hereni."

Akashika moja, akaliangalia kitako, halafu mdomo, na nikaona kwamba huyu naye ni wa ukoo wetu. Alikuwa mlenga shabaha katika kikosi chao. Akaniambia huko nje wako watu ambao hobi yao ni kulenga mbali sana, na maganda yao hawayatupi, huyajaza upya wenyewe. Nao huyachagua hivihivi: kiwanda kimoja, urefu mmoja, uzito mmoja, mdomo usio na ufa.

"Ganda zikifanana," akasema, "risasi ya pili inafuata ya kwanza. Ukichanganya, kila moja inaenda kwao."

Abiria wenzangu walikuwa wanalalamika jua kali, lakini mimi ningeweza kusimama pale mpaka jioni. Miaka yote nimeitwa mwenye wazimu, kumbe kuna mataifa mazima ya wenye wazimu kama mimi. Nilifika nyumbani kichwa kimevimba. Nikapima, nikabingirisha, nikapitisha ukucha, nikakata midomo yote iwe sawa. Kengele tano, kila moja maganda matatu, njiti haizidi njiti. Ukizitikisa zote kwa zamu ukiwa umefumba macho, ungeapa unatikisa ileile. Nilifurahi mno kwa jambo hilo. Naomba msomaji alikumbuke.

Alhamisi jioni nilikuwa kwa mama, siku moja kabla ya pikapu. Nikawafunga mbuzi watoro kengele zao, nikalala usingizi wa mshindi.

Asubuhi mama alikaa nje na kikombe cha chai, mbuzi wakafunguliwa. Sauti ilikuwa nzuri ajabu. Mama akageuza kichwa kulia. Akageuza kushoto. Akaweka kikombe chini.

"Huyu ni mbuzi gani?"

"Ni watano, mama."

"Hapana. Ni mmoja. Yuko lagani, yuko nyuma ya boma, yuko hapa miguuni pangu. Umeniletea mbuzi aliye kila mahali kama Mungu."

Nikasema atazoea. Basi mbuzi wenyewe wakanijibu. Waliozoea kuifuata kengele ya dume sasa walisikia madume matano. Kundi lilielekea lagani, likasimama, likarudi, likagawanyika, na wale watoro wenyewe wakaanza kufuatana, mkia kwa pua, wakizunguka mti wa mgunga kama watu kwenye foleni isiyo na dirisha. Nilikimbia huku na huku nikiwatawanya, na kengele zangu zikilia vizuri, sawasawa, bila hitilafu. Nilitamani kulia. Kaka alikuwa njiani, na ni kama mimi ndiye niliyemfungashia mama mizigo kwa mikono yangu mwenyewe.

"Kwenye begi lako kuna nini kingine kinacholia?" mama akauliza.

Ulikuwa ule mfuko wa mabovu, sikuwahi kuutoa. Nikamwambia ni takataka. Akanyoosha mkono.

Aliyamwaga kwenye kanga, akaomba kijiko, akaanza kuyagonga moja moja. Lililopasuka mdomo lilikwaruza. Lililobonyea lilitoa sauti ya mtu mwenye mafua. La kiwanda kisichojulikana lilikuwa na sauti nyembamba kama ya mtoto anayewasemea wenzake. "Hili ni la yule mweusi, naye analalamika hivi," akasema. "Hili mpe mwenye mabaka, ni zito, yeye hana haraka. Hili la yule mwizi wa mahindi, ili kila mtu ajue." Jike mzee naye akamchagulia lake. Nikafungua kengele zangu, nikaondoa ndani ya kila moja ganda zuri moja na kutia bovu alilolichagua. Kila nilipoondoa moja moyo ulinichoma. Moja tu alikataa niiguse, ile ya dume changa alilotaka liongoze. Huyo, akasema, ndiye anayefaa kuwa na sauti safi.

Kaka alifika mchana na pikapu na godoro nyuma. Alisalimia, akanywa maziwa, kisha akauliza kwa upole wa daktari, "Mama, mbuzi wako wako wapi?"

Mama akanyoosha fimbo. "Kiongozi yuko ukingoni mwa laga, na kundi liko naye. Mweusi yuko kwenye kivuli cha gari lako. Mwizi yuko jikoni, mfukuze. Mwenye mabaka amelala."

Nilienda kutazama jikoni. Mwizi alikuwa na kichwa ndani ya gunia.

Kaka hakuridhika. Akavua viatu, akanyata mpaka alipolala yule mwenye mabaka, akaishika kengele yake kwa kiganja isilie, akaanza kumvuta mbuzi polepole kumpeleka upande mwingine wa boma. 

"Wewe," mama akasema bila kugeuka, "toa mkono kwenye shingo ya mbuzi wangu. Hata akilala hucheua, na kengele yake haijawahi kunyamaza hivyo."

Kaka akabaki ameinama pale, soksi zimejaa miiba, na kwa mara ya kwanza tangu apate ile kazi ya ofisini nilimwona anacheka kama tulivyokuwa tukicheka tukiwa wadogo. Godoro aliliacha. Mama alisema linafaa.

Jioni nilipokuwa nakusanya maganda yaliyobaki, mama aliokota moja kwenye kanga, bovu kuliko yote, limepasuka kutoka mdomoni hadi kitakoni. Aliligonga mara mbili kwa kijiko, akanipa pamoja na kigwe cha ngozi.

"Lifunge kwenye begi lako."

Nikamuuliza kwa nini mimi, kwa nini si kaka.

"Yeye gari lake nalisikia tangu barabarani," akasema. "Wewe huja kwa miguu. Unasimama hapo mlangoni kivuli tu, na mimi nangoja uongee ndipo nijue nimetembelewa na mtu wangu au na mgeni. Sipendi kule kungoja."

Wateja wangu Lodwar huniuliza kwa nini fundi wa hereni anatembea na ganda lililopasuka linalokwaruza kwenye begi. Nawaambia wanunue au waondoke. Nikishuka gari Kakuma na kuvuka laga, linaanza kelele zake, na kabla sijafika bomani, kabla sijasema ejok, namsikia mama kwa mbali akisema nimechelewa, chai imepoa.