Tuliimba Sote Dirishani

Juzi, kwenye foleni ya vyeti katika ofisi moja mjini, redio ya karani ilipiga albamu ya kwanza ya lile kundi letu la rap, ile ambayo watu wa rika langu tunajigamba kwamba ndiyo iliyotuzindua. Ulipofika wimbo unaowakejeli makarani wa "njoo kesho", foleni nzima tukauimba kwa ghibu. Karani alitushinda sote, macho kayafumba, vidole vinapiga meza.

Wimbo ulipokwisha akamtazama bibi wa mbele, aliyetoka Kiwengwa tangu alfajiri.

"Bi, njoo kesho."

Wenzangu wakainamia simu zao. Mimi niliinama nikatazama viatu vyangu.

Bibi akakunja karatasi zake, akatugeukia.

"Mmeimba vizuri, wanangu. Miye nnakwenda zangu."