Udongo Laini wa Kijito

Mama yangu alichimba pemba kwenye shimo, katika kilima kisichoota miti, njia ya kwenda Kambove. Mimi niliichota kijitoni. Hilo ndilo kosa langu, na ninalitaja mwenyewe kabla wengine hawajalitia chumvi.

Pemba ni ule udongo mweupe wanaoutafuna wanawake wajawazito. Niliuuza sokoni Kampemba miaka ishirini na miwili. Sikusoma, nilichojua nilikijua kwa vidole. Udongo ukikwaruza kati ya kidole gumba na cha shahada, unautupa. Ukiteleza kama unga uliochekechwa, huo ndio. Halafu unautwanga, unauloweka, unauchuja kwa kitambaa, unaukanda vipande virefu na kuvianika juu ya bati.

Miaka sita iliyopita wakajenga kiwanda cha kuosha mawe ya shaba, upande wa juu wa kijito chetu. Mvua za kwanza zilipopita, pale kwenye kona ambapo maji hupunguza mwendo, nilikuta matope ambayo sijawahi kugusa mfano wake. Hayakutaka mchi wala kitambaa. Yakiwa mabichi yalikuwa na rangi kidogo ya majani machanga. Yakikauka yalikuwa meupe. Nikaliacha shimo la mama. Asubuhi ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, nami nilizama hadi magotini nikichota, kila kitu kimya, kana kwamba nimeingia katika usingizi wa mtu mwingine. Nilidhani kijito kimenihurumia.

Wateja waliongezeka. Mwishowe hata binti yangu Cathy, alipopata mimba yake ya kwanza, hakutaka nyingine.

"Maman, hii ya sasa iko na utamu. Ongeza tena mbili."

Nikaongeza. Mama gani humnyima mwanawe?

Kiangazi kilichopita nilimkuta mwanaume kwenye kona yangu, suruali imekunjwa, anajaza matope yangu ndani ya vichupa. Alikuwa Clément, wa chuo kikuu.

"Papa, na wewe uko na mimba?" nikamuuliza.

Alicheka hadi akaangusha kichupa. "Hapana, Mama. Naenda kuyapima."

Baada ya miezi miwili alinifuata sokoni, akakaa kwenye kigoda changu. Hakucheka.

"Mama, yale matope iko na kobalti, na risasi, na arseniki. Mingi sana. Haifai bantu kuyakula."

"Lakini iko laini."

"Ndiyo maana. Changarawe inaachaka sumu ipite na maji. Udongo laini ndiyo unaishikaka."

Nilitazama vidole vyangu. Miaka sita vilikuwa vikinichagulia sumu, na mimi nikivisifu.

Wiki iliyofuata mtu alipita na kipaza sauti, akawaonya wanawake wasinunue pemba ya kijitoni. Hakusema kwamba matope yalitoka kiwandani. Chileshe, muuza samaki wa chumvi wa meza ya pili, aliyekula pemba yangu mimba zake zote nne, alisimama mbele yangu, mikono kiunoni.

"Mama Cathy, beba meza yako. Unauaka batoto yetu."

"Na kiwanda?"

"Kiwanda haiko na meza hapa."

Wanawake wakacheka. Nilibeba meza. Lakini sikuwa na nafasi ya kuililia meza, kwa sababu kule mtaani Kenya, humu humu mjini, nyumbani kwa mumewe, Cathy alikuwa na mimba ya miezi saba, na mitano kati ya hiyo alikuwa amekula pemba kutoka mkononi mwangu. Nilikwenda kwa miguu. Nilimkuta kizingitini, kipande mdomoni.

"Tema," nikamwambia.

Nikamweleza yote. Alitema, akafuta ulimi kwa kitenge, akaweka mikono yote miwili juu ya tumbo kama mtu anayefunika chungu.

"Ulijua?"

"Sikujua, mwanangu."

"Vidole yako inajuaka yote. Ndivyo unasemaka." Hakupaza sauti. "Rudia nyumbani, Maman. Usikuje mpaka mtoto atoke."

Nilikaa miezi miwili na mlango nusu wazi. Mchana, joto likinipiga, niliona kijito kikiingia polepole chini ya mlango, kikitandaza matope laini sakafuni, na juu ya matope mtoto amelala. Nilitaka kumwokota, lakini kila nilipomgusa, aliyeyuka kidogo.

Kisha mkwe wangu Guelor akanitumia habari: msichana, mdogo, analia sana. Kwetu, mtoto wa kwanza huoshwa na mama wa mama yake. Walikuwa wamemwita mama wa Guelor. Nilingoja siku tatu waniite na mimi. Siku ya nne nilikwenda.

"Ni nani?" Cathy aliuliza nyuma ya pazia.

"Ni mimi."

Mtoto alilia, akanyamaza, akalia tena.

"Ingia. Lakini usimushike. Docteur bado hajaleta majibu ya damu yake."

Niliingia. Nilikaa sakafuni, mikono nimeikalia, nikatazama mama wa Guelor akimimina maji ya vuguvugu juu ya mgongo mdogo. Alimimina haraka mno. Mtoto alishtuka.

"Polepole," nikasema. "Anza na miguu."

Mama wa Guelor alimtazama Cathy. Cathy aliniangalia, kisha akainamisha kichwa. "Fanya vile anasema," akamwambia.

Akaanza na miguu.