Sanduku la Bati Kwa Mama Sarah

Ukipita Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, asubuhi, kabla ukungu haujatoka kwa mahindi, utamkuta Mama Sarah amesimama kwa geti yake na kikombe cha chai, anaangalia barabara. Anangoja watoto wa watu. Mume wake, marehemu Kibet, alimwachia kipande cha shamba, naye akajenga ploti ya vyumba mstari mmoja, na wapangaji wake wote ni wanafunzi wa yunivasiti. Mimi siku hizi sina kazi ila kutembea. Miguu ikiamka vizuri natoka Langas polepole, na mara nyingi safari inaishia kwa benchi yake, karibu na jiko.

Mama Sarah hakusoma sana. Alikuwa mpishi wa shule ya wasichana mpaka magoti yakakataa kusimama. Lakini mwanafunzi mpya akishuka kwa pikipiki, yeye haangalii uso kwanza. Anaangalia mzigo.

"Blanketi iko?" Hilo linatangulia hata jina.

"Niko na shuka, Mama."

"Shuka ni ya Mombasa. Hapa utakufa ukiwa umejifunika."

Anaingia ndani anatoka na blanketi nzito, ya kuazima mpaka mtoto anunue yake. Kisha anamzungusha ploti akiongea. Hapa ni mfereji, lakini una siku zake, kwa hivyo ndoo iwe na kifuniko na ijazwe maji yakiwepo. Nunua kufuli yako mwenyewe, ufunguo usipewe rafiki wa wiki moja. Unga weka kwa kitu cha chuma au plastiki ngumu. Na jiko la makaa halilali ndani ya nyumba, hata baridi ikuume vipi, kwa sababu moshi wake unaua mtu kama anayesinzia. Akifika hapo anasimama, anamwangalia mtoto machoni mpaka aseme ndiyo. Halafu anamkaribisha kwa kikombe cha mursik, maziwa ya kibuyu, kama Wakalenjin wanavyomkaribisha mtu aliyetoka mbali. Wengi wanakunja uso. Yeye anacheka, anawaambia, "Utaizoea kabla ya mtihani."

Mwezi wa tisa uliopita zilikuja pikipiki mbili zikifuatana. Moja ilibeba mzee na msichana. Nyingine ilibeba sanduku la bati peke yake, limefungwa kwa kamba pande zote kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mzee aliitwa Oluoch, fundi wa bati kutoka Kendu Bay, koti lake limepigwa pasi. Msichana ni binti yake, Lynette. Sanduku lilikuwa jipya, la samawati, na mbele limeandikwa jina la mtoto kwa rangi nyeupe, herufi kubwa ambazo hata mimi bila miwani nilisoma.

Mama Sarah alizunguka ule mzigo. Jembe. Slasha. Ndoo. Neti ya mbu.

"Baba Lynette, hii slasha ni ya nini?"

"Ya nyasi, Mama. Si Jumamosi wanafyeka?"

Mama Sarah akanitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Huo ulikuwa mzigo wa mtoto wa sekondari ya bweni, si wa yunivasiti.

"Kwetu hakuna aliyewahi kufika yunivasiti," Mzee Oluoch akaendelea. "Lakini shule naijua. Watoto wa form one wote wa upande wetu mimi ndiye nawaundia masanduku. Nikasema huyu wangu apate la bati nzito."

"Nyasi iko," Mama Sarah akamwambia, bila kucheka hata kidogo. "Haitakosa kazi."

Mzee alipoaga alimshika binti yake bega. "Nyathina," akasema, maana yake mtoto wangu. Lynette alikuwa anaangalia chini.

Wenzake walifika siku chache baadaye, muhula ulipofunguliwa. Vivian alitoka Nakuru na Ronnie akatoka Kitale, wote na masanduku ya kitambaa yenye magurudumu. Siku moja Mama Sarah alienda stoo kuchukua kuni, akakuta lile sanduku la bati huko, limefunikwa gunia, jina limegeuzwa liangalie ukuta. Nguo za Lynette zilikuwa kwa mfuko wa karatasi chini ya kitanda. Hakumuuliza kitu.

Nilikuwa hapo siku Ronnie alipoingia stoo kutafuta ufagio. Tulimsikia akipiga kelele.

"Manze! Nani amekuja na box? Kwa hii ploti kuna form one?"

"Muulize kama amekuja na uniform pia," Vivian akasema akiwa mlangoni kwake. Akamgeukia Lynette aliyekuwa anafua kwa mfereji. "Lyn, hii ni ya nani?"

Lynette alicheka kama wao. "Ya Mama Sarah."

Mimi na Mama Sarah tulikuwa tunachambua maharagwe. Mikono yake ilisimama. Kisha ikaendelea.

"Ee," akasema. "Ni yangu."

Tangu siku hiyo msichana hakuja tena kwa benchi. Alienda darasani akarudi akajifungia. Mama Sarah alikuwa anamwekea chai mpaka inapoa, anaimwaga, anaweka nyingine. Mwisho Lynette akaja mwenyewe, mimi nikiwa hapo.

"Mama, nimempigia baba simu. Anakuja Jumamosi kunichukua. Naacha shule."

"Ni baridi?"

"Hapana."

"Masomo yamekushinda?"

"Hapana. Mama, nilikana sanduku ya baba. Jina alilipaka mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza rangi ilichuruzika. Na mimi nikacheka na wao. Sasa nikifungua kitabu naona ile stoo tu."

"Na baba ukimwona utamwambia nini?"

"Kwa simu nimeshamwambia baridi imenishinda. Nitarudia hiyo."

"Kwa hivyo utaongeza uongo juu ya uongo."

Msichana akalia. Mama Sarah hakumhubiria. Alimpa chai, ile ya moto, na blanketi la mabegani. Lynette alipoondoka ndipo akaniambia, "Mzee, huyu mtoto akitoka kwa hii geti na mfuko, harudi. Nimewaona. Hawarudi."

Sasa kuna jambo ambalo mtu wa Uasin Gishu anajua na mgeni hajui. Mahindi yakikatwa na kusimamishwa shambani, panya wanabaki bila nyumba. Wanahama. Na karibu ya shamba kama kuna ploti ya wanafunzi wanaolala na unga chini ya kitanda, hawatafuti kwingine.

Jirani alikata mahindi yake wiki hiyohiyo. Ijumaa asubuhi nilifika nikakuta ploti nzima iko nje. Ronnie alikuwa ameinua sanduku lake la magurudumu, mkono umepita kwa tundu upande wa pili.

"Wamekula unga! Wamekula mchele! Buda, wamekula hadi zipu!"

"Zipu ilikuwa na nini?" Vivian akamuuliza, lakini hakuwa na nguvu ya kucheka, kwa sababu kwake walikuwa wamepasua sukari na kulala ndani ya sweta.

"Niliwaambia chuma," Mama Sarah akasema.

"Ulituambia, Mama. Sasa tusaidie. Tupatie ile sanduku yako ya stoo, tuweke kitu kimebaki."

Mama Sarah alimimina chai polepole.

"Ile sanduku nilisema ni yangu. Sikusema kweli. Na kitu cha mwenyewe siwezi kukuazimia."

Hakumtazama Lynette hata kidogo. Mimi nilimtazama, nilishindwa kujizuia. Alikuwa mlangoni kwake, mfuko wake umeshafungwa, umeegemea ukuta. Niliona kidole chake kikikunja na kukunjua pindo la leso. Kuku wa Mama Sarah walikuwa wanapigania mchele wa Ronnie kwa matope. Nikafikiri, hapa sasa ataingia ndani afunge mlango.

"Ni yangu," Lynette akasema.

"Nini?" Vivian akauliza.

"Sanduku. Ni yangu. Baba yangu ameiunda kwa mkono yake. Jina langu liko mbele, nililigeuza nyinyi msilione."

Ronnie alimwangalia. "Wacha! Mzee wako ni fundi?"

"Wa bati. Kendu Bay."

"Na slasha?"

"Slasha pia ni yangu. Na jembe." Akapangusa pua. "Na neti ya mbu."

"Mbu? Eldoret?" Vivian akashika tumbo. Wakacheka wote, na Lynette akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha wakaenda stoo wakalitoa lile sanduku, mmoja kila upande, wakaliweka barazani, jina likiangalia geti.

Jumamosi Mzee Oluoch alifika na mvua kwa mabega, koti lilelile. Alikuta sanduku limejaa paketi za unga, mchele, sukari, na noodles za Ronnie zilizobaki, kila moja na jina la mwenyewe. Hakusalimia mtu. Alipiga goti, akafungua kifuniko, akafunga, akafungua, sikio lake liko karibu na bawaba.

"Limefunguliwa sana," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akainuka. "Haya, nyathina. Mzigo uko wapi? Niliambiwa baridi imekushinda."

Lynette alikuwa na ufunguo wa sanduku shingoni kwa kamba. Aliushika.

"Si baridi, baba. Nitakuambia ni nini, lakini tukikaa chini. Na siwezi kwenda leo. Humu ndani kuna unga ya watu."

Mzee alimtazama binti yake, kisha akatazama ule unga, kisha lile jina lake jeupe. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Alivua koti, akalitundika kwa msumari wa mlango.

"Basi nitafutieni nyundo," akasema. "Hii bawaba haifiki Krismasi."

Ronnie akakimbia kutafuta. Mama Sarah alikuwa ameshaingia ndani kumtolea mzee blanketi.